Boma Moja na Lango Moja

Msomaji mpenzi, ukipata safari ya kutoka Kitale hadi Bungoma kwa njia ya Webuye, usiache kuuliza kilipo kilima cha Chetambe. Juu yake Wabukusu walikuwa na boma lililozungukwa na handaki. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza chini ya C. W. Hobley, lenye askari wa Kisudani na bunduki za Maxim, lilishambulia kwanza boma la Lumboka. Walionusurika walikimbilia Chetambe, wakajazana humo. Boma lile lilitosha kuzuia mikuki, bunduki halikuziweza. Liliposhindwa, wote waliokuwemo walishindwa pamoja, na wengi waliuawa.

Pengine washangaa kwamba naanza habari za kompyuta kwa habari za vita. Lakini leo nasi tumeziweka siri zetu katika maboma. Neno "wingu" lisikudanganye: ni majumba yaliyojaa kompyuta, ambamo benki, hospitali na shule hukodi nafasi. Programu maalumu huigawanya mashine moja ikawa kama mashine nyingi, kila mpangaji akiwa na chumba na ufunguo wake, ili mwizi akivunja kwa mmoja asipenye kwa jirani. Ufundi huu si wa jana. Kampuni ya IBM ilitoa mfumo wa namna hiyo, VM/370, mwaka 1972.

Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data za watu mwaka 2019. Kisha mwezi wa Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zimekusanywa katika eCitizen. Mtu wa Kitale atakaye leseni na mtu wa Bungoma atakaye pasi ya kusafiria sasa walipita lango moja. Haukutimia hata mwezi mmoja, kundi lililojiita Anonymous Sudan (angalia jina hilo linavyorudi!) likalishambulia. Halikuvunja vyumba, lilituma maombi ya uongo kwa wingi mno hata wenye haja ya kweli wakakosa njia. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio, akasema hakuna data iliyopotea. Naam, kuta za ndani zaweza kusimama imara na lango likazibwa. Siku zile ununuzi wa umeme na tiketi za reli ulivurugika pia, na wageni waliokuwa wakiomba viza kwa kompyuta waliahidiwa kupewa watakapowasili.