Picha Inaanza Kichwani: Stori ya Mzee Ansel Adams na Kambi Zake za Yosemite

Leo mastaa wapumzike kidogo. Nataka nikupe stori ya mzee mmoja wa Marekani ambaye picha zake za milima huenda umeshaziona kwenye kalenda bila kujua ni za nani. Anaitwa Ansel Adams.

Jamaa alizaliwa San Francisco mwaka 1902. Shule haikumkubali kabisa, baba yake akaamua asomee nyumbani, na ndoto yake ilikuwa kuwa mpiga piano. Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, wazazi wake walimpeleka kwenye bonde la Yosemite kule California, wakampa na kakamera ka Kodak Brownie. Hapo ndo ikawa imeisha. Alirudi Yosemite kila mwaka maisha yake yote.

Sasa sikia hii. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda mlima na wenzake, kabeba kamera nzito na vioo 12 tu vya kupigia picha. Enzi hizo hakuna memori kadi, kioo kimoja picha moja. Anafika mbele ya jabali la Half Dome, kabakiwa na viwili. Cha kwanza akapiga kwa filta ya njano. Halafu akashtuka: hii itaonesha jabali lilivyo, ila haitaonesha ninavyolihisi mimi. Kwenye kioo cha mwisho akaweka filta nyekundu iliyokolea. Anga likatoka jeusi, jabali likasimama kama linakutazama wewe. Toka siku hiyo alijua kwamba picha unaiona kichwani kwanza, kubonyeza kunafuata.

Na piano haikupotea bure. Alikuwa anasema negativu ni kama noti za muziki, na kusafisha picha ni kama kuzipiga hizo noti. Noti ni zilezile, ila kila ukizipiga unaweza kuzipiga kivingine. Ndo maana picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga mwaka 1941, aliisafisha tena na tena kwa miaka mingi, na anga lake likazidi kuwa jeusi.

Lakini kilichonifanya niandike leo sio hizo picha. Ni alichofanya na ujuzi wake.

Karibu na mwaka 1940, yeye na mwenzake Fred Archer walitengeneza njia ya kuupanga mwanga kwa ngazi, kuanzia nyeusi tii mpaka nyeupe pe, ili mtu ajue picha itatokaje kabla hajapiga. Wangeweza kukaa nayo kimya wapige hela. Wao wakaifundisha darasani. Mwaka 1955 Adams akaanza kambi za kila mwaka palepale Yosemite, na zikaendelea mpaka 1981. Watu wanakuja na kamera zao, wanakaa siku kadhaa, wanatoka porini pamoja, wanarudi kuonesha kazi zao na kukosolewa. Juu ya hapo akaandika vitabu vitatu, kimoja cha kamera, kimoja cha negativu, kimoja cha kusafisha picha. Siri zote nje. Alifariki mwaka 1984, na hadi leo watu wanajifunzia humo.

Kiukweli imenigusa, na nitakwambia kwa nini. Nilipomaliza fomu foo nilienda kujifunza picha kwa bro mmoja mtaani. Miezi mitatu nimebeba stendi na taa. Ila kila akifungua kompyuta kurekebisha rangi, ananituma chapati. Nikirudi, picha zimeshaisha. Siku nilipomuuliza, akanijibu, "Dogo, nikikufundisha wewe, mimi nitakula nini?"

Sikumchukia, maana njaa ni njaa. Ila jiulize: Adams alifundisha watu zaidi ya miaka arobaini, je, kuna aliyemfunika? Jabali ni lilelile, filta ile ile, ila jicho ni lake. Ujuzi unaweza kumpa mtu, jicho hawezi kukuibia.

Basi wewe uliyeko studio, saluni au gereji, una dogo pembeni yako anakuangalia mikono. Leo usimtume chapati. Mvutie kiti.