Kwa nini nguru na jodari hupungua Arusha wakati wa baridi

Juni na Julai, Mlima Meru unapojifunika mawingu na watu wa Sakina hadi Usa River wanapotoa makoti, nguru na jodari nao hupungua sokoni. Wateja wengi hudhani wafanyabiashara wanaficha mali. Ukweli ni kwamba baridi yetu na upungufu huo vinaletwa na upepo mmoja.

Samaki wengi wanaouzwa Arusha si wa baharini. Sato na sangara hutoka Ziwa Victoria, na perege wengine hutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Nguru, jodari na vibua ndio wa Bahari ya Hindi. Wakitokea Tanga, hupita Segera, Korogwe, Same na Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 400.

Upepo mmoja, sehemu mbili

Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa ya upepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Kusi huanza karibu Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, na huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Kati ya misimu hiyo kuna kipindi cha utulivu.

Kusi hutoka baharini ikiwa na unyevu. Ikigonga Meru, hupanda, hupoa na kuwa mawingu. Ndiyo maana upande wa Tengeru na Usa River una kijani, huku Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, zilizo nyuma ya mlima, zikibaki kavu. Upepo huohuo ukiwa bado baharini huinua mawimbi. Mvuvi wa ngalawa au mashua ndogo hawezi kwenda mbali, hivyo huvua ndani ya miamba au hukaa pwani akishona nyavu. Bahari ikitulia, vyombo hufika kwenye kina kirefu na mzigo huongezeka.

Samaki wasio na makazi

Changu na tasi hukaa karibu na miamba. Nguru na jodari ni wasafiri. Hufuata maji yenye joto linalowafaa na makundi ya samaki wadogo kama dagaa na vibua. Nguru anaweza kuzidi urefu wa meta 2 na kufikia kilo 70, ingawa wengi wanaovuliwa ni wadogo kuliko hapo. Katika mkondo wa bahari kati ya Pemba na bara, ambao kina chake ni mamia ya meta, hupita pia sulisuli, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, hasa wakati wa kaskazi.

Wavuvi huwatega samaki hawa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mshipi mrefu wenye ndoana na chambo, unaovutwa nyuma ya chombo kinachotembea ili chambo kionekane kama samaki anayekimbia. Ya pili ni jarife, wavu wa matundu makubwa unaoachwa majini usiku. Nahodha mzoefu huangalia ndege. Wakizunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, chini yao kuna samaki wadogo, na chini ya hao kuna wakubwa.

Jodari husafiri mbali kweli. Kati ya 2005 na 2007, watafiti waliwafunga alama jodari zaidi ya 160,000 katika Bahari ya Hindi, wengi wao karibu na pwani ya Tanzania, kisha wakawaachia. Maelfu walivuliwa tena baadaye, wengi na meli kubwa zinazovua maji ya Shelisheli na kwingineko. Samaki anayepita Mafia leo anaweza kuwa mali ya nchi nyingine miezi michache ijayo.

Nani anamlinda msafiri?

Nchi ina haki ya kusimamia uvuvi hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, yaani karibu kilomita 370. Wengi wanakumbuka meli ya Tawariq 1 iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa na karibu tani 300 za jodari. Wananchi waliwaita "samaki wa Magufuli", kwa kuwa John Magufuli ndiye alikuwa waziri wa uvuvi wakati huo. Kwa kuwa samaki hawa huvuka mipaka, nchi husimamia uvuvi wao pamoja kupitia kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli.

Hatari nyingine iko karibu na ufuko. Nguru huanza kuzaa akiwa na takribani miaka 2, urefu wa karibu sentimita 70 hadi 80. Akivuliwa kabla ya hapo, hajaacha mtoto baharini. Uvuvi wa baruti, ambao ni kosa kisheria, huua pia samaki wadogo ambao nguru huwafuata. Chakula kikiisha, msafiri hana sababu ya kupita tena.

Wewe mnunuzi ufanye nini?

Samaki aliyepigwa baruti mara nyingi huwa na nyama laini isiyo ya kawaida, damu iliyovia karibu na uti wa mgongo, au uti uliovunjika. Ukiona hivyo, usinunue.

Jambo la pili linahusu afya ya nyumbani kwako. Nguru, jodari na vibua wasipowekwa kwenye barafu mapema, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kemikali iitwayo histamini. Kupika au kukaanga hakuiondoi. Mlaji huweza kuhisi ulimi ukiwasha kama amelamba pilipili, uso kuwaka, kichwa kuuma, vipele, moyo kwenda mbio au kuhara, mara nyingi ndani ya saa moja. Akishindwa kupumua vizuri, mkimbizeni kituo cha afya na msema amekula samaki gani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa:

- Uliza samaki amefika lini na amesafiri na barafu au hapana.
- Tazama macho. Yawe angavu, yasiwe yamezama.
- Fungua mashavu. Yawe mekundu, si ya kahawia.
- Bonyeza nyama. Irudi, isiache shimo.
- Kama amekatwa vipande, nusa. Harufu iwe ya bahari, isiwe kali. Lakini kumbuka histamini inaweza kuwepo hata bila harufu mbaya, hivyo swali la barafu ndilo la kwanza.

Na mawingu yakikaa siku nzima juu ya Meru, usishangae ukikosa nguru. Nunua sato au perege, subiri kusi ilegee. Mfanyabiashara mwenye nguru tele wiki ambayo bahari imechafuka, muulize vizuri zaidi amewatoa wapi na wamekaa siku ngapi.