Msichana Asiyevunja Ungo: Uchunguzi Utangulie Vidonge

Binti wa miaka 16 ambaye hajavunja ungo hupewa mojawapo ya majibu mawili. Ama huambiwa asubiri, kwani hata mama yake alichelewa, ama huandikiwa vidonge vya homoni "vya kuleta hedhi". Ninavyoona, majibu yote mawili yana kasoro moja: hutolewa kabla mwili wa binti haujatazamwa.

Kusubiri kuna mpaka wake. Matiti yasipoanza kuota hadi miaka 13, au hedhi isipoonekana hadi miaka 15 ingawa dalili nyingine za kubalehe zipo, uchunguzi uanze. Ni kweli kuchelewa kunaweza kuwa kwa kurithi, ila hilo likubaliwe baada ya sababu nyingine kuondolewa.

Cha kutazama kwanza ni matiti, kwa sababu ndiyo ushahidi wa wazi kwamba estrojeni imewahi kufanya kazi. Kwa asiye nayo, kipimo cha damu cha homoni ya FSH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari kuziamsha ovari, hugawa njia. FSH ikiwa juu sana, pituitari inaita na ovari haziitikii. Hapo hali ya Turner ndiyo ya kufikiriwa mapema. Henry Turner aliieleza mwaka 1938, na mwaka 1959 Charles Ford na wenzake wakaonyesha kwamba chanzo chake ni upungufu wa kromosomu moja ya X. Humpata takriban msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500. Wengi wao wamekuwa wafupi kuliko wenzao tangu darasa la kwanza bila mtu kuandika kimo chao popote. Kwa binti kama huyu vidonge vya haraka vina madhara: estrojeni nyingi kwa mara moja hufunga mifupa isirefuke tena. Ndiyo maana huanzishwa kwa dozi ndogo na kuongezwa polepole. Moyo na mshipa mkuu wa aota navyo vikaguliwe.

FSH ikiwa chini au ya kawaida, macho yaelekezwe kwenye ubongo au kwenye afya ya mwili mzima. Selimundu, VVU vya tangu kuzaliwa, utapiamlo na mazoezi makali huweza kuchelewesha kubalehe. Maumivu ya kichwa pamoja na kutoona vizuri pembeni huashiria uvimbe karibu na pituitari. Kuna pia swali lisilogharimu hata senti: unasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa? Asiyeisikia tangu utotoni huenda ana hali ya Kallmann, ambayo kuchelewa kubalehe huambatana na kukosa uwezo wa kunusa.

Mwenye matiti ana mkondo mwingine. Apimwe ujauzito kwanza, hata kama swali hilo linaudhi, maana yai hutangulia damu na mimba huweza kutungwa kabla ya hedhi ya kwanza. Kisha mfuko wa uzazi utafutwe kwa ultrasaundi ya juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Wazazi wengi huhofia kwamba uchunguzi utaharibu ubikira wa mtoto. Waelezwe kwamba hakuna kinachoingizwa, na sehemu za siri hutazamwa kwa macho tu, kwa ridhaa ya binti mwenyewe. Kutazama huko pekee hufichua kizinda kilichoziba: utando uliotuna wenye rangi ya samawati, kwa binti anayeumwa tumbo kila mwezi na pengine kushindwa kukojoa. Upasuaji mdogo humaliza tatizo. Akitibiwa UTI mara kwa mara, damu huendelea kujikusanya ndani.

Mfuko wa uzazi usipoonekana, kipimo cha kromosomu na cha testosteroni hutenganisha hali mbili. Mwenye XX na ovari nzima alizaliwa bila mfuko huo. Mwenye XY, ambaye nywele zake za sehemu za siri ni chache au hazipo, ana mwili usioitikia testosteroni. Wote wawili hakuna kidonge kitakachowaletea hedhi. Habari hiyo aambiwe yeye, faraghani, katika lugha anayoielewa, si shangazi kwenye korido.

Kipimo cha kromosomu ni adimu kwetu, lakini sehemu kubwa ya njia hii haikihitaji. Mhudumu wa zahanati asiye hata na ultrasaundi apime kimo na uzito, aandike hatua ya ukuaji wa matiti, aulize kuhusu maumivu ya kila mwezi, kisha aandike rufaa badala ya vidonge.