Kura ya Herrnhut

Msomaji wa leo akisikia neno kura huwaza sanduku, kalamu na foleni ya siku ya uchaguzi. Katika Biblia ya Kiswahili neno hilo lina kazi nyingine: kura ndiyo iliyomwangukia Mathiya akaushika utume alioukosa Yuda, kama isemavyo Matendo 1:26. Kura ya sandukuni hudhihirisha matakwa ya watu, ile ya mitume huwanyima watu neno la mwisho. Kwa zaidi ya miaka 150 Wakristo wa kanisa la Wamoravian waliishi kwa kura hii ya pili, wakaamua kwayo nani awe mzee, nani aende misheni, hata nani aoe nani. Wako wanaoiita kamari iliyovikwa kanzu. Mimi naona uzito wake haukuwa katika karatasi iliyochomolewa bali katika mashauri yaliyoitangulia, na kwamba anayeikumbuka karatasi na kuyasahau mashauri hajaielewa.

Herrnhut, kitovu chao, kilikuwa kijiji cha wakimbizi wa imani kutoka Moravia, waliopewa hifadhi mwaka 1722 katika ardhi ya kabaila Nikolaus von Zinzendorf huko Saksonia. Mei 1727 wanakijiji walichagua wazee 12, kisha wanne kati yao wakapatikana kwa kura kuwa wazee wakuu. Kijana Leonhard Dober alipotamani kuwapelekea Injili watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, katika Karibi, hakupewa kikaratasi siku ya pili yake. Jumuiya ilisitasita mwaka mzima, ikampima yeye na wito wake, na hapo ndipo kura ya mwaka 1732 ilipompa ruhusa. Aliondoka Agosti mwaka huo pamoja na seremala David Nitschmann, na safari yao ndiyo mwanzo wa misheni ya Wamoravian duniani.

Kwenye ndoa ndiko wengi hukwazika, nami sishangai. Ndugu aliyetaka kuoa alipeleka habari kwa wazee, naye aliweza kumtaja mwanamke aliyempenda. Wazee waliwajadili wote wawili: tabia, afya, kazi iliyokuwa ikiwangoja. Baada ya hapo waliomba, wakachomoa kimoja kati ya vikaratasi vitatu: ndiyo, hapana, na kitupu, ambacho maana yake ni ngojeni. Hata ndiyo ikitoka, posa ilipelekwa kwa dada huyo, naye alikuwa na haki ya kuikataa. Ni kweli kwamba haki iliyoandikwa si nyepesi kuitumia mbele ya jumuiya inayoamini Mungu amekwisha kusema, na nadhani akina dada kadhaa walikubali kwa woga. Hilo ni doa la desturi hii, wala silifuti.

Mtu atauliza: kama wazee walikwisha kujadiliana, kikaratasi cha nini? Jibu liko katika nafasi ya Zinzendorf. Katika kijiji kilicho juu ya ardhi ya kabaila, neno la kabaila lingekuwa ndilo la mwisho kila siku. Kura ilimfunga mikono yeye pamoja na wazee wote. Huko London, Septemba 1741, walipotafuta wa kushika cheo cha Mzee Mkuu, kura ilikataa kila jina lililopendekezwa, wakakubaliana kwamba cheo hicho ni cha Kristo peke yake. Wengine husema basi ni ramli tu. Lakini anayekwenda kwa mpiga ramli huenda kwa siri, hulipa, na hutaka kujua yaliyofichika. Herrnhut waliuliza barazani, juu ya jambo walilokwisha kulichambua, wakiwa tayari kunyimwa.

Tofauti hiyo yaonekana wazi kwa mhubiri Mwingereza John Wesley, aliyejifunza mengi kwa Wamoravian. Machi 1737, huko Savannah, Georgia, alishindwa kuamua kama amwoe Sophia Hopkey. Alikuwa ameshauriana na watu, lakini mwisho yeye na rafiki yake Charles Delamotte walipiga kura wenyewe, na jibu likawa asimfikirie tena. Hapakuwa na baraza, wala posa ambayo Sophia angeweza kuijibu. Siku chache baadaye Sophia aliolewa na mwingine. Wesley akaja kumnyima Meza ya Bwana, akashtakiwa, na Desemba akaiacha Georgia.

Kwa Wamoravian wenyewe, kura ya ndoa ilichosha hasa Amerika Kaskazini, ambako vijana hawakutaka tena wazee wawajadilie ndoa zao. Sinodi ya 1818 iliwafungua waumini wa kawaida kutoka kura hiyo, na ile ya 1889 ikaiondoa kura katika uamuzi wa kanisa. Miaka miwili baadaye, 1891, wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, katika Tanzania ya leo. Kwa hiyo Wamoravian wa Tanzania hawakupokea kura, walipokea mabaraza ya wazee na kitabu cha neno la kila siku, kilichochapwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731 na ambacho leo hutolewa kwa lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwamo. Aya za Agano la Kale zilizomo bado huchaguliwa kwa kura, kila mwaka, pale pale Herrnhut.