Mkesha wa nyota ulizaliwa kwa mafundi wa kiwanda

KAMBOVE – Ukitaja mkesha hapa Kambove, watu wanafikiri mambo mawili: maombi ya usiku kucha, ao kilio cha mtu aliyefariki. Kuna mkesha wa tatu ambao huku haujazoeleka. Watu wanakusanyika mahali penye giza, wanazima taa zote, na wanatazama mbingu mpaka usiku wa manane. Katika inchi nyingi mikesha ya namna hiyo inafanyika kila mwaka. Mchana kuna mafunzo: mmoja anaeleza habari za mwezi, mwingine anaonyesha namna ya kutengeneza darubini. Jua likishatua, darubini zinasimamishwa uwanjani, watu wanapanga mstari, na kila mtu, mkubwa kwa mtoto, anaweka jicho lake kwa zamu. Anayetaka kumulika njia anatumia taa nyekundu, maana mwanga mweupe unaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza.

Wengi wanadhani ni mchezo wa maprofesa ao wa wazungu wenye pesa. Historia yake inaonyesha vingine, na mkaaji wa mji wa migodi kama Kambove ana sababu ya kuisikiliza.

Springfield, katika jimbo la Vermont huko Marekani, ulikuwa mji mdogo wa viwanda. Watu wake walitengeneza mashine za kukereza chuma. Mwaka wa 1920 Russell Porter, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Jones & Lamson, alianzisha darasa la kutengeneza darubini. Waliojiandikisha walikuwa wanaume 15 na mwanamke mmoja, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Kununua darubini nzuri wakati ule kulimshinda mfanyakazi wa mshahara. Porter akawafundisha kuchukua vipande viwili vya kioo kizito, kuweka katikati yake maji na unga mkali wa kusagia, halafu kusugua kimoja juu ya kingine, saa nyingi, siku nyingi, mpaka kimoja kinabonyea katikati kama sahani. Kikipakwa fedha, kioo hicho kinakusanya mwanga wa nyota. Ni kazi ya uvumilivu na kipimo. Mtu aliyezoea kupima chuma kwa unene wa unywele hakuiogopa.

Wale mafundi wakaunda chama chao mwaka wa 1923, wakajenga nyumba juu ya kilima na kuiita Stellafane, maana yake hekalu la nyota. Mwaka wa 1926 waliwaalika watengenezaji darubini kutoka miji mingine waje na vyombo vyao. Mkutano huo unaendelea mpaka leo, na watu wengi wanauhesabu kuwa ndio mama wa mikesha yote ya nyota. Mkubwa wa kiwanda, James Hartness, ambaye alipata kuwa gavana wa Vermont, naye alikuwa mpenzi wa nyota. Bila shaka hilo lilisaidia. Mkubwa anayependa kitu anakifungulia mlango. Lakini vioo vilisuguliwa na wafanyakazi wenyewe.

Mtu wa pili wa kukumbukwa ni John Dobson, mtawa wa dini ya Kihindu aliyeishi California. Alitengeneza darubini kubwa kwa mbao na mabomba ya karatasi ngumu yale ambayo wajenzi wanamiminia zege, na vioo vyake vilitoka katika madirisha mazito ya meli za zamani. Alipotoka monasteri mwaka wa 1967 hakuwa na mali. Mwaka uliofuata alishirikiana na wenzake kuanzisha kundi la kutazama nyota barabarani San Francisco. Alikuwa akisimamisha darubini pembeni ya njia na kuwaita wapita njia waje waone. Aina yake ya darubini, sanduku la mbao linalozungushwa kwa mkono, ndiyo inayotumiwa katika mikesha mingi ya dunia siku hizi, kwa sababu seremala yeyote anaweza kuitengeneza.

Katika Afrika yetu, mara nyingi ni kupatwa kwa jua ndiko kulikokusanya watu. Tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka 2001 kivuli cha mwezi kilipita Angola, Zambia, Zimbabwe na Msumbiji. Lusaka iliingia giza mchana kwa dakika zaidi ya tatu, na watazamaji walifika kutoka pande zote za dunia. Huku Katanga jua lilifunikwa sehemu tu. Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 2013 ikawa zamu ya kaskazini mwa Kongo, Uganda na Kenya. Pale Pakwach, Uganda, giza lilidumu sekunde kama 20 tu, lakini umati ulikuwa mkubwa na rais Museveni mwenyewe alikuwapo. Huko Nairobi, Susan Murabana na mume wake Chu Owen walianzisha shirika la kuzungusha darubini kwenye mashule, ili watoto wasingoje mpaka jua lipatwe.

Tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2016 pete ya moto ilivuka Kongo, ikapita Ziwa Tanganyika na kuingia Tanzania. Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, watu walijaa uwanjani, na Daktari Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa walioeleza kinachotokea. Kongo ilipitiwa na pete ile ile. Lakini ni Rujewa, ng'ambo ya ziwa, iliyojulikana kama mahali pa kuiangalia. Tofauti haikuwa katika mbingu. Ilikuwa katika mtu wa kueleza na miwani ya kugawa. Pasipo hivyo, wazazi wanafungia watoto ndani ya nyumba, na hofu ndiyo inayofundisha.

Si kwamba Katanga haina historia na mambo ya juu. Mgodi wa kwanza wa Union Minière karibu na Lubumbashi, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku, ulipewa jina la Étoile, yaani Nyota. Mwaka wa 1977 na 1978 kompani ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi tatu kutoka kaskazini mwa jimbo hili, wakati huo likiitwa Shaba. Ile ya tatu ilianguka mbele ya Mobutu, na mwaka wa 1979 kazi yao hapa ikasimamishwa. Walichukua eneo kubwa kupita inchi nyingi za Ulaya. Mwananchi hakuachiwa hata darubini moja.

Halafu kuna habari ya mwaka wa 1987, ambayo ingefaa kuwa somo la kwanza la mkesha wowote wa Kambove. Mwezi wa 2 mwaka huo nyota kubwa ilionekana ikilipuka katika kundi la nyota lililo jirani na letu, upande wa kusini wa mbingu. Mmoja wa walioigundua alikuwa Albert Jones wa New Zealand, ambaye hakuwa mtaalamu wa kulipwa bali mtu wa kupenda tu. Kwa miezi kadhaa nyota hiyo ilionekana kwa macho matupu, na mtu aliyesimama Kambove akitazama kusini angeweza kuiona. Wataalamu walipopima namna mwanga wake ulivyopungua, waliona unafuata saa maalumu: kila siku 77 sehemu moja kwa mbili inatoweka. Hiyo ni saa ya kobalti. Mlipuko ulikuwa umetengeneza kobalti ya aina isiyodumu, na ndiyo iliyokuwa ikiwasha wingu lile ilipokuwa ikigeuka chuma. Kobalti ya kudumu, ile inayopakiwa katika malori kila siku, nayo ilipikwa ndani ya nyota kabla dunia haijakuwapo. Shaba vilevile. Na urani ya Shinkolobwe, iliyogunduliwa mwaka wa 1915 katika teritwari hii hii ya Kambove na kupelekwa Marekani kutengeneza bomu la atomiki, ni ya misukosuko mikubwa zaidi, kama kugongana kwa nyota zilizokufa.

Kuhusu vyombo, Kambove na Likasi hazina upungufu wa mikono. Atelie za Panda zililea vizazi vya watu wa kukereza, kuchomelea na kupima. Giza nalo lipo. Shirika la umeme linalitoa bure mara nyingi kuliko tunavyotaka. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 7 hakuna mvua, na Njia Nyeupe inapita karibu juu ya utosi. Mwezi wa 8 na wa 9 moshi wa moto wa porini unachafua anga, kwa hiyo anayepanga mkesha afadhali asichelewe.

Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2030 jua litapatwa lote huko Namibia, Botswana na Afrika ya Kusini. Huku kwetu litapatwa sehemu, asubuhi, na mvua zitakuwa zimeanza, hivyo mawingu yanaweza kuzuia. Kutazama ndani ya beseni la maji si salama, wala kwa kioo kilichopakwa moshi, wala kwa filamu ya radio ya hospitali. Kioo cha kuchomelea chenye namba 14 kinafaa. Mtoto anaweza pia kutoboa karatasi ngumu kwa sindano, akalipa jua mgongo, akaangalia picha yake ndogo ikianguka ukutani. Masomo yatakuwa yanaendelea wakati huo, na walimu wana muda wa kutosha kujitayarisha.