Ziwa Chala: Mlima Uliolipuka, Likabaki Ziwa

Wadau wa Same na Mwanga, leo twende kidogo nje ya milima yetu. Watu wengi huku wanaamini Milima ya Upare ni volkano kama jirani yetu Kilimanjaro. Hapana. Upare ni mawe ya kale sana, ndugu wa Usambara. Volkano inaanzia ng'ambo, na mtoto wake mmoja ni Ziwa Chala.

Toka Same, pita Mwanga, fika Himo, kata kulia kama unaenda Holili. Chala iko Rombo, mpakani kabisa, nusu yetu, nusu ya Wakenya wa Taveta. Ukiwa mbali huoni kitu, ni kilima tu. Ukipanda ukingoni ndo unaona maji chini, yamezungukwa na kuta za mawe. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 4 tu, lakini kina kinapita mita 90! Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Maji yanapita chini kwa chini.

Wazee wanasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji cha Wamasai, siku moja ardhi ikakimeza na ng'ombe wake wote. Hadithi hii si ya jana. Mmisionari Charles New alifika Chala mwaka 1871. Wanasayansi nao wanasema kilima cha volkano kililipuka na kudidimia, shimo likajaa maji. Tofauti ni muda tu. Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la chini zaidi ya mita 200 na kupata kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka kama 250,000. Hakuna binadamu wa kukumbuka hayo, ila tope linakumbuka mvua na ukame wote.

Mpaka nao una historia yake. Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Machi 1916 jeshi la Waingereza likapita hapo hapo Chala kuwarudisha nyuma. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita ile, wengi majina yao hayajaandikwa popote.

Sasa ishu yenyewe. Chala ina perege wake ambaye asili yake ni humo tu, dunia nzima hakuna kwingine. Baadaye watu wakaleta samaki wageni, na huyu wa asili sasa yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Sisi wa Upare tunajua maana ya ziwa kuumwa, tumeona Jipe inavyosongwa na magugu. Jipe ina njia ya kutoa maji yake, Mto Ruvu hadi Nyumba ya Mungu. Chala ni bakuli. Ukimwaga kitu humo, kimebaki humo.

Kwa hiyo ukienda kutalii, piga picha zako, kuwa makini na mamba, maana mwaka 2002 waliua mtu pale, na usiache kitu nyuma. Na kama una bibi au babu anayejua hadithi ya kile kijiji, muulize leo. Tope linatunza mvua, halitunzi majina.