Afisa Ugani Aliyejifunza Kunyamaza

Mwaka 1984 Indonesia ilijitangaza kuwa imejitosheleza kwa mchele. Miaka miwili baadaye mashamba ya mpunga katika kisiwa cha Java yalikuwa yakikauka kana kwamba yamepitiwa na moto. Aliyeyakausha ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, afyonzaye utomvu wa mpunga. Dawa hazikukosekana. Serikali ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya bei ya viuatilifu, na maafisa ugani wake walitumwa kuhimiza upuliziaji, mara nyingi kwa kufuata ratiba badala ya haja.

Dawa hizo ndizo zilizomlea adui. Ziliwaua buibui na wadudu wengine wanaomla, lakini mayai yake, yaliyofichwa ndani ya mmea, yakasalimika. Makinda yakaanguliwa katika shamba lisilo na mlinzi. Hazina ya taifa ikawa inagharimia balaa ileile iliyodai kuipiga vita.

Novemba 1986 Rais Suharto, ambaye hatumkumbuki kwa demokrasia, alitoa agizo la kuzuia aina 57 za viuatilifu zisitumike kwenye mpunga. Mapema mwaka 1989 ruzuku nayo ikaondolewa. Sisi tunaoamini kwamba sahihi ya mkubwa humaliza jambo tungeishia hapo. Lakini agizo lilibakiza swali gumu: wafanywe nini maelfu ya watumishi ambao kazi yao yote ilikuwa kupeleka vijijini maelekezo ya mbegu, mbolea na sumu?

Mpango wa taifa wa udhibiti husishi wa visumbufu, ulioanza mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, uliwapeleka shambani. Wakaguzi wa visumbufu walilima mpunga kwa mikono yao, wakaufuata toka kitaluni hadi mavunoni. Walifungia buibui na mdudu wa kahawia katika kizimba kimoja, wakatazama nani anamla nani. Walikata majani ya mpunga makusudi ili waone kama mavuno yangepungua kweli. Kisha wakakabidhiwa vikundi vya wakulima wapatao 25, wakikutana nao kila wiki kwa msimu mzima: kuhesabu wadudu, kuchora mmea, kujadili, kuamua. Mkulima akiuliza, "Huyu ni mdudu gani?", afisa alifundishwa asimjibu upesi, bali amuulize alimkuta wapi na alikuwa akifanya nini. Kwa mtumishi aliyezoea kuagiza, naamini hilo ndilo lililokuwa somo chungu kuliko yote.

Mbinu hiyo ilifika magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, kisha Kagera, na kwetu ikaitwa shamba darasa. Wakati huohuo maafisa ugani wa Tanzania walikuwa wakihamishiwa halmashauri, kwa hiyo mafunzo yao yakawa suala la bajeti ya wilaya. Jina tulilipokea vizuri. Msimu mzima wa kukutana kila wiki ndio uliotushinda. Semina ya siku mbili ukumbini haina wiki ya tano, ile ambayo mdudu ameonekana, jirani amekwisha pulizia, na kikundi kinabishana kama kisubiri. Mtumishi wa halmashauri anayesoma haya na atafute katika makadirio ya mwaka huu mahali palipoandikwa mafuta ya pikipiki ya wiki hiyo.